Udongo wa Zizi la Zamani

Bweri, Musoma.
Jumanne, 8 Oktoba 2024.

Mpendwa kaka Stanislausi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tunduru, wewe na wanafunzi wako, na lile jino limeacha kukusumbua. Au bado unaogopa koleo? Sisi huku hatujambo. Mama kule Suguti anatembea vizuri, goti linamsumbua asubuhi tu. Wifi Mbuke mimba imefika miezi sita na bado hataki mtu ambebee ndoo, ubishi ule ule unaoujua.

Barua nampa Clever, fundi magari jirani yangu, anayesafiri Alhamisi kuja huko huko kwa wakwe zake. Simu yako haipatikani wiki ya pili sasa. Na hata ungepatikana, haya mambo mdomo ungekataa.

Nianze na la furaha. Chama chetu cha watabibu wa asili wa mifugo kimenipa cheti mwezi wa nane, na beji yenye picha yangu. Tulisoma Butiama miezi mitatu: kukanda, mitishamba, na zaidi ya yote miiko ya kazi. Tuliisoma kwa sauti tumenyoosha mikono, kisha tukaweka sahihi. Usimguse mnyama mgonjwa kabla daktari wa mifugo hajamwona. Usitaje jina la ugonjwa, hiyo si kazi yako. Mnyama akifa ghafla na damu inamtoka puani, usimchune, usimzike, toa taarifa. Palipoandikwa mwalimu wako wa kwanza ni nani, niliandika jina la marehemu Baba. Nililia kidogo, usinicheke.

Sasa haya mengine. Wewe ulisema msingi wa nyumba yako uchimbwe karibu na barabara. Baba mdogo Mugeta akaona pale ni mawe matupu, akawahamishia mafundi kwenye zizi la zamani la Baba, ambako udongo ni laini. Nilipokueleza hilo kwenye simu ulinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Haukukatika, kaka. Nilikuwa nasikia unapumua.

Tangu shimo lile lichimbwe, ng'ombe wamebadilika. Kila siku jua likifika utosini wanaacha malisho na kwenda kulizunguka. Hawalii, hawasukumani. Wanasimama vichwa chini, wanalamba ule udongo uliotolewa, machozi yanawatoka. Ng'ombe wa majirani nao wanakuja, wanapita katikati ya mihogo bila kung'ata jani hata moja. Halafu kuna wakati wote wanainua vichwa kwa mara moja na kutazama upande mmoja, kama wameitwa. Nimesimama pale kwa macho yangu. Hakuna aliyeita. Mama anasema ni Baba anahesabu mifugo yake, na anasema hivyo huku anachambua mchicha, wala hana wasiwasi.

Jumatano iliyopita Mama akanipigia nije haraka, yule mtamba mweusi anatetemeka. Nikapanda bodaboda mpaka stendi, nikafika Suguti nimevaa beji yangu. Nilijua kabisa nilichotakiwa kufanya: kumpigia Daktari Lilian, daktari wa mifugo, na kukaa pembeni. Mama akanitazama akasema, "Baba yako angekuwa ameshamshika." Basi, nikamshika. Nilipomwekea mkono ubavuni ng'ombe wengine wote zizini waliacha kucheua. Wote, kaka! Nilisikia ule ukimya masikioni. Nikamkanda, nikamnywesha dawa ya Baba, nikajiona nimefanya kazi.

Asubuhi tukamkuta amekufa. Tumbo limejaa, miguu bado laini, na damu inatoka puani nyepesi, haigandi. Mpaka saa nne ilikuwa inatiririka tu.

Nikaogopa. Nakwambia ukweli, sikumwogopea mtu, niliogopea cheti changu. Nikiita daktari atauliza nani alimgusa wa kwanza. Nikawakataza wasimchune, nikamwambia baba mdogo tumzike upesi kwenye lile shimo la msingi, mafundi waambiwe wapumzike wiki moja. Akakubali, akachukua jembe.

Tuliongeza kina tukiwa wawili tu. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano, lakini kule chini udongo ulikuwa mweusi na mbichi. Harufu ya dawa ya Baba ikapanda, ile ya mwarobaini uliochomwa, kali, ya leo leo. Halafu jembe likavuta ngozi. Nyekundu, na manyoya yake. Chini yake mifupa ya dume kubwa, na mdomo wake umefungwa kwa shati la shule. Kwenye kola kuna zile herufi alizokuwaga anashona Mama kwa uzi wa bluu ili nguo zako zisipotee bwenini.

Nilikumbuka palepale dume jekundu la mzee Isaya wa Bunda, lililoletwa kwa Baba kutibiwa mwaka ule nikiwa darasa la sita. Tuliambiwa limeibwa. Watu walifuata nyayo siku mbili, na Baba alitangulia mbele yao na fimbo. Kumbe lilimfia mikononi akalificha, na wewe ulishika jembe. Na mimi, na beji yangu kifuani, nilikuwa nimesimama pale pale nafanya vile vile. Tukamlaza mtamba juu yake, tukafukia. Udongo ukabaki mwingi pembeni, sijui ulitoka wapi wote ule.

Kaka, sikulaumu. Ulikuwa mtoto na Baba alikuwa Baba. Nakuomba kitu kimoja tu, unijibu kupitia Clever. Nikitoa taarifa, jina la Baba litaharibika, na lako litaandikwa. Nikinyamaza, ng'ombe wanaendelea kulamba. Niruhusu niseme.

Alhamisi, 10 Oktoba, asubuhi.

Clever anapakia mizigo, naandika nimesimama koridoni hospitali hapa mjini. Hayo ya mwisho niliyokuomba yafute. Sisubiri ruhusa yako tena.

Jana nilikwenda Suguti kuwatazama. Mbuke alikuwa amelala, joto kali, anashika tumbo. Mama anasema ni mambo ya mimba. Nilipomgeuza nimpanguse, pindo la kanga yake lilikuwa na fundo zito. Nikafungua. Udongo, kaka. Mweusi, vipande vipande, vingine vina alama za meno.

Unajua wajawazito wetu wanavyopenda udongo, wote tunajua, wala hakuna anayemuuliza mtu. Lakini wa kula unauzwa sokoni, mweupe, umekaushwa. Nikamuuliza kwa nini aende kuchukua pale, tena na shimo ameliona limefukiwa. Akanitazama akanishangaa. "Wifi," akasema, "si unaona ng'ombe wote wanautaka?" Ameula siku sita. Anasema ni mtamu, na kwamba ukikaa nao mdomoni kichwa kinajigeuza chenyewe kutazama kule wanakotazama ng'ombe.

Nilimbeba na baba mdogo mpaka kwenye gari. Njiani nikampigia Daktari Lilian nikamweleza yote bila kuruka: mtamba, mikono yangu, dawa, dume la mzee Isaya, Baba, shati. Jina lako nimelitaja. Akauliza swali moja tu, kama kuna mtu ameugusa udongo, nikamjibu. Yeye ndiye aliyetaja ugonjwa, akasema ni kimeta mpaka vipimo viseme vingine, na kwamba kinaweza kulala ardhini miaka mingi kinasubiri. Akawapigia madaktari hapa wakaanza sindano kabla hata sijashusha kanga zake. Leo Suguti wanapima mifugo na kuzungushia pale uzio. Beji nimeirudisha kwa katibu wa chama.

Joto halijashuka. Mtoto bado anacheza, nimeweka mkono nikamsikia, na madaktari wamesema kesho ndiyo watajua. Panda huko mlimani utafute mtandao, au panda basi, lakini njoo.

Mama anakusalimu kupitia baba mdogo, maana mimi hanisemeshi. Mwanangu Agness anakusalimu mjomba wake. Mbuke alinikataza nisikuambie, nami nimekuambia.

Mungu amlinde mtoto wako, kaka, kwa sababu mimi na wewe tulijua, na hatukumlinda.

Mdogo wako akupendaye,
Matrida