Pumu ya Nassor

Jumanne, Sib.

Joto limetuganda mwilini tangu alfajiri, kiyoyozi cha sebuleni kinavuja maji, na mimi nna hasira za kumrushia mtu kiatu.

Mtu mwenyewe ni Nassor, mdogo wangu.

Mwaka jana alikamatwa akiendesha gari amelewa. Akahukumiwa, akafungwa, leseni ikazuiwa. Mama tukamwambia yuko Duqm kikazi. Alipotoka na kurudishiwa leseni, kampuni yake ilimrudisha kazini kwa sharti: gari yao anayoendesha imefungwa kidude chenye mrija. Asipopulizia, gari haiwaki. Akiwa njiani kinalia, kinataka tena, inabidi asimame pembeni apulizie. Kikinusa ulevi, habari inafika ofisini, na kazi khalas. Sharti hilo sina ugomvi nalo. Lingewekwa mapema ningelala usingizi.

Ugomvi wangu ni hii pumu.

Mafundi waliofunga kidude walimkataza marashi ya kupuliza garini, maana yana spiriti, na kidude hakijui tofauti. Sasa mama yetu huyu apande gari bila marashi? Nassor alipompeleka kwenye azaa ya msiba huko Madinat Sultan Qaboos, Mama katoa chupa mkobani, Nassor kamshika mkono, "Usipulize humu, Mama." Mama akautazama ule mrija, akamtazama mwanawe anavyopuliza macho yamemtoka, akajijibu mwenyewe: mwanangu ana pumu, marashi yanambana.

Nassor akasema, "Naam, Mama."

Tangu hapo nyumba yetu haifukizwi udi. Mama, ambaye hajapata kuvaa nguo isiyofukizwa, kapandisha chetezo juu ya kabati kwa ajili ya kifua cha mwanawe. Asubuhi anamkorogea habasoda kwa asali, na Nassor anainywa bila haya. Wageni wakiuliza mbona siku hizi hamfukizi, Mama anawaeleza pumu ya mwanawe, mmoja baada ya mwingine. Wazee walisema mficha maradhi kifo humfichua. Huyu wetu kajipachika maradhi ili apate pa kujificha.

Na kaposa. Anamtaka Asya, na watu wa Asya watatoa jibu Ijumaa.

Leo baada ya Alasiri kaja Bi Zuwena, shangazi yake Asya, kuulizia. Ndiyo desturi yetu: mtoto akiposwa, watu wake huenda kumuulizia mchumba, na anayeulizwa anabeba amana. Mama alikuwa chumbani amelala. Bi Zuwena kanywa kahawa kidogo, kisha kaniambia taratibu, "Mwanangu, baba yake Asya alikufa kwa pumu, na Asya ndiye aliyemuuguza. Hawezi kuuguza tena. Nambie kweli, Nassor ana pumu?"

Nikamjibu.

"Hana, Bi Zuwena."

"Na kile anachopulizia garini?"

Nikamwambia amuulize Nassor mwenyewe. Kaweka kikombe chini, kaaga.

Nikampigia Nassor, nikamweleza. Kaniambia nimemvunjia nyumba kabla hajaijenga. Kisha, ati, nimrudie Bi Zuwena nimwambie nilikosea, pumu anayo, ila ndogo, ya msimu tu. Nilitamani kulia na kumtukana kwa pamoja. Nikamuuliza, na siku kampuni itakapokifungua kidude hicho, mkeo atakuwa anajua nini? Akanikatia simu.

Anaapa hajagusa kinywaji tangu alipofungwa. Namwamini, wallahi. Na naogopa. Asya akimkataa, atavunjika, na akivunjika najua anakokimbilia.

Lakini Asya naye ni mtoto wa watu. Kamuuguza babake mpaka mwisho, leo tumpe mume tuliyemfunika shuka?

Nnampenda ndugu yangu. Ila kidude kile kinamzuia kuwasha gari tu, hakimzuii kuoa kwa uongo. Hilo kaniachia mimi, na nimechoka kulibeba. Kesho asubuhi, kabla sijaenda kazini, nnampigia Bi Zuwena. Nitamwambia hana pumu, alilewa, akafungwa, akaacha. Wakimtaka, wamtake wakijua.

Halafu kuna Mama. Huyo nitamwanzia wapi?