Waya wa Platini

2 Machi

Kaka,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Mimi nipo, presha inapanda na kushuka.

Jana mwenzake binti yangu wa maabarani kwako chuoni aliniletea jarida, akanisomea. Kuna makala, jina la mwanangu lipo mbele, lako nyuma. Eti ni zawadi yako kwake, miezi mitano tangu tumzike. Limeandika kuwa kichocheo chake cha seli za hidrojeni, zile za kutoa umeme, yaani ule unga wa chuma na makaa, kinafanya kazi sawa na platini ya bei ghali.

Mbona yeye mwenyewe alikataa? Alinieleza jikoni huku akimenya viazi. Wanapopima, unga unakaa ndani ya asidi, na pembeni kuna waya wa platini wa kupitishia umeme. Ule waya unayeyuka kidogo kidogo, unaenda kuganda juu ya unga. “Mama, ni kama kumsifu mpishi kwa chakula kilicholetwa na jirani.” Alicheka hadi akajikata kidole. Akautoa waya, akaweka kijiti cha grafiti, kaa kama la penseli, na majibu yakaanguka.

Alikwambia?

Dadako

20 Machi

Dada yangu mpenzi,

Pole na presha. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu.

Aliniambia, ndiyo. Lakini alikuwa ameanza kuumwa, nikaona ni uchovu tu. Majibu ya kwanza yalikuwa mazuri, nikachapisha hayo ili jina lake libaki. Hapa kila mtu anamsifu. Mambo ya maabara niachie mimi, wewe kunywa dawa upumzike.

Kaka yako

28 Machi

Kaka,

Salamu zimefika. Dawa nakunywa.

Uchovu? Homa ilimlaza kitandani, haikumfanya mjinga. Daftari lake ninalo hapa mezani. Majaribio sita kwa grafiti, kila moja na tarehe yake, mwandiko umenyooka. Chini ameandika: “Mjomba asichapishe.”

Unamfanya mwanangu mwongo, naye hawezi tena kujibu. Washa mashine. Rudia mwenyewe, kwa mikono yako.

Dadako

9 Juni

Dada,

Natumaini u mzima. Nimechelewa kuandika kwa aibu.

Nimerudia mara nne kwa grafiti. Mstari wa grafu umeshuka palepale alipouchora yeye. Nimewaandikia wenye jarida, na makala imeondolewa. Tangazo lao nimelitia humu ndani. Nadhani sasa moyo wako utatulia.

Kaka yako

17 Juni

Kaka,

Sikuulizi hali leo.

Tangazo nimesomewa mara mbili, nikidhani sikusikia vizuri. Makala imeondolewa “kwa sababu ya kosa la upimaji la mtafiti ambaye sasa ni marehemu.” Maneno hayo ni yako, wenye jarida hawakumjua.

Waya aliuweka yeye, sawa. Aliukuta kwenye kabati lako, kama wote waliomtangulia. Lakini nani aliuona? Nani aliutoa? Na nani aliambiwa, akaenda kuchapisha?

Nilikubeba mgongoni ukiwa mdogo, sijawahi kukunyooshea kidole mbele za watu. Ijumaa naenda kwa mkuu wa chuo chako na daftari. Ukitaka kunitangulia, andika tangazo jingine: kosa aliligundua yeye, nikalificha mimi. Hayo tu, na sahihi yako chini.

Mama yake