Kisigino Kwenye Njia ya Banalia

Makiso, Kisangani, tarehe 24 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa jina la Bwana, wewe na wote wa pale nyumbani Butembo. Kifua chako kimepoa? Na yule mbuzi mkorofi, bado anakula maharagwe ya jirani? Sisi huku tu wazima, na duka la vitenge linaendelea. Utashangaa kupata barua na simu ipo. Mama, simu yako unaiweka sauti ya juu mpaka jirani wanajibu kabla yako, na haya ni ya macho yako peke yako.

Habari kubwa ni kwamba tulifika Banalia! Siku tano kwa miguu, watu arobaini wa parokia, tukaingia kanisani jioni ya kuamkia sikukuu ya Bikira Maria. Na aliyebeba msalaba mbele, mwanzo mpaka mwisho, ni binti yako, na miaka yangu hamsini na miwili. Unajua desturi yetu: mbeba msalaba akipanda gari hata hatua mia, msalaba unahamia kwa mwingine na haurudi tena. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Nyuma yangu alitembea Marceline, wa familia ya wavuvi wa kule kwenye maporomoko, mwanamke mwenye miguu ya chuma, wala hakuficha kwamba anautamani.

Mimi ndiye niliyeficha. Tangu Pasaka kisigino cha kuume kilikuwa kinaniua. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua ya kwanza ilikuwa kama kukanyaga msumari. Nikitembea kidogo kinatulia, nikikaa dukani na kusimama kinaanza upya. Nilikikanda kwa maji ya chumvi, nikakipaka pilipili, nikawa naenda kazini kwa toleka, halafu namwambia mwenye baiskeli anishushe kona moja kabla ya duka, watu wa kikundi chetu cha hija wasinione. Mficha ugonjwa kilio kitamuumbua, ulitufundisha, lakini nani alisikiliza?

Mwezi wa sita nilishindwa, nikaenda kwa Célestin, kiné anayenyoosha viungo vya watu. Alibonyeza mahali pamoja tu, nikapiga kelele. Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna ukanda mgumu, kutoka kisiginoni mpaka vidoleni, na wangu umechoka: wiki nzima nasimama juu ya sakafu ya sima na ndala zangu, babushi nyembamba, kisha Jumamosi naudai kilomita ishirini za mazoezi ya hija. Nilimwuliza jambo moja tu, kama nitafika Banalia na msalaba wangu. Maneno yake ninayo mpaka leo: “Mama Annette, muguu yako haiko mupira ya camion ya mizigo. Donc, babouche, tupa. Na kila saa unapiga magoti, unakunja vidole chini, unakalia visigino, unahesabu polepole.”

Nilitii. Nilinunua viatu vya soli nene, na nyuma ya meza ya duka nikawa nabingirisha chupa ya barafu chini ya unyayo huku napima vitenge. Kufika Agosti maumivu yalikuwa yamepungua nusu. Nusu tu, Mama.

Sasa sikia ungamo langu. Huwezi kukunja vidole kila saa mbele ya watu arobaini bila kuulizwa. Basi kila baada ya saa moja nilisimamisha msafara, nikachomeka msalaba udongoni, nikatangaza fungu moja la rozari kwa magoti. Salamu Maria kumi, nimekalia visigino, machozi yananitoka. Padri wetu, Abbé Aristide, alisema hajaona ibada ya namna ile, na kule Banalia alihubiri juu ya machozi yangu. Anataka kila tulipopiga magoti pawekwe msalaba mdogo wa mti. Njia nzima, Mama, kwa ajili ya kisigino!

Marceline ndiye hakudanganyika. Siku ya tatu alipiga magoti karibu yangu, akaangalia vidole vyangu, akakunja na vyake. Kisha akaninong'oneza, kama kwa dada yake mkubwa: “Yaya, hii sala iko muzuri kwa miguu. Ongeza ingine.” Tulicheka mpaka fungu likatupotea. Msalaba hakuutamani tena, ao kama aliutamani, hakusema.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Nikiwa pale chini nilikuona wewe. Nilikuwa na miaka tisa, tunapanda kilima kutoka shambani, kikapu cha viazi kiko mgongoni mwako, kamba yake imekaza kwenye paji la uso. Kila kona ulisema tusali kwanza. Ulipiga magoti, vidole umevikunja, macho umeyafumba. Mimi nilikimbia mbele na wenzangu, nikawaambia mama yangu anajifanya sista. Sikukupokea hata kiazi kimoja. Mama, miaka yote ile kilikuwa kisigino? Nimelia kwa ajili hiyo kuliko nilivyolia njiani. Nisamehe.

Dereva Ezéchiel, huyu mleta barua, anakuletea pia viatu vya soli nene, namba yako. Uvivae hata ndani ya nyumba. Krismasi ninakuja, tutapanda kile kilima pamoja. Kikapu nitabeba mimi, na tutasali kila kona utakayotaka.

Wasalimie wote, hata jirani wanaojibu simu yako. Lile swali langu unijibu kwa barua.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda,

Annette