Kapasita Nane za Kompyuta ya Pasiansi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia tena, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia.

Unaikumbuka kompyuta aliyotuletea tuitengeneze yule mama mwenye chuo cha kupiga chapa pale Pasiansi? Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, kompyuta zilizotumika zimeanza kuingia Mwanza, na wewe, fundi redio wa siku nyingi, ulijifunza kuzifungua ukiwa na mvi tayari. Mimi nilikuwa na cheti changu cha ufundi na kiburi cha kuwatosha mafundi watatu.

Ulinionyesha kapasita ndogo za manjano, moja ubavuni mwa kila chipu. Ukasema chipu zikiwaka na kuzima kwa kasi, zote zinadai umeme kwa mpigo, na umeme wa bodi nzima unatikisika. "Hii inaweka akiba ya umeme, kama ndoo ya maji jikoni," ulisema. "Mpishi hawezi kukimbilia ziwani kila akitaka kikombe kimoja." Nilicheka. Sisi mafundi tulizoea kunyofoa spea kwenye bodi, na nilishaona redio ikiimba vizuri tu bila kapasita mbili tatu.

Ukaenda Ukerewe msibani. Amplifaya ya kwaya yetu ikaharibika, na Jumamosi kulikuwa na harusi. Nikang'oa kapasita nane kwenye bodi ya yule mama, nikazitia kwenye amplifaya. Nikaiwasha kompyuta, ikawaka. Nikaifunga, nikampelekea.

Wiki iliyofuata alirudi nayo akilia. Ilikuwa inaganda kila mara, na mitihani yote aliyoichapa imepotea. Mbele ya wateja akakuita mzee tapeli. Uliifungua, ukayaona matundu matupu, ukaniuliza taratibu, "Neema, ilikuja hivi?"

"Ndiyo, Mjomba. Ilikuja hivi hivi."

Naona aibu hata kuyaandika maneno hayo. Uliniangalia kidogo, kisha ukamgeukia yule mama. "Kosa ni langu, mama."

Ulichomelea nyingine, miguu umeikata mifupi kabisa ili zikae karibu na chipu, na kompyuta ikatulia. Lakini hakuna aliyekuletea kompyuta tena. Ulirudi kwenye redio zako mpaka ulipotutoka, na hukuwahi kuniuliza mara ya pili. Afadhali ungenifokea.

Siku hizi nachora bodi zangu mwenyewe. Kila nikifika kwenye zile kapasita, nazihesabu mara mbili.

Juzi nilikwenda Pasiansi. Yule mama amezeeka, ila hakusahau. Nilimwamkia, nikamwambia, "Mama, zile kapasita nilizing'oa mimi. Mjomba hakujua lolote."

Akauliza, "Sasa mbona yeye alisema ni kosa lake?"

Nililia tu barazani kwake, Mjomba.

Pumzika. Mzigo huo nimeuchukua, ingawa nimechelewa.

Mpwa wako uliyemsitiri,
Neema