Flash ya Mama Sandra na Video ya Marehemu Kiema

KITUO CHA POLISI, MATILIKU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kyule Ndeti (sokoni anaitwa Dakitari)
Umri: Miaka 36
Kazi: Kutengeneza simu na kompyuta, kuweka nyimbo na sinema
Elimu: Darasa la sita
Makao: Matiliku sokoni, nyuma ya mashine ya kusaga
Tarehe: 14 Agosti 2024, saa tano asubuhi
Mbele ya: Koplo Githaiga

Mimi ndiye huyo ameandikwa hapo juu. Hiyo Dakitari ni watu walinipatia, mimi sikusomea. Kompyuta nilijifunza kwa kuharibu za watu pole pole mpaka zikaanza kupona. Officer ameniambia nisilete mchezo kwa maelezo. Nitajaribu.

Mnamo tarehe 6 mwezi wa nane, siku ya Jumanne, kama saa nne asubuhi, nilikuwa kwa kibanda yangu. Alikuja Mama Sandra. Jina yake ni Wariara. Yeye ni bibi wa pili wa marehemu Kiema, yule alikuwa dereva wa lori. Wamekaa hapa Matiliku karibu miaka ishirini. Ni mtu wa Murang'a lakini Kikamba anaongea kuliko mimi. Kiema alikuwa amekufa Jumamosi na mwili ulikuwa mochari.

Alikuwa amefunga laptop na leso. Nikamuuliza, "Huyu mgonjwa amelala tangu lini?" Hivyo ndio huwa naongea na wateja wote. Hakucheka. Ndio nikakumbuka ako na matanga, nikaona aibu.

Alisema laptop inawaka, inaandika Windows, halafu inazunguka, inazunguka, inajizima. Akaniambia, "Kyule, ndani kuna video ya Baba Sandra. Alijirekodi na hii laptop mwezi wa sita akiwa mgonjwa. Amesema pahali anataka kuzikwa. Kama imepotea, mimi nimekwisha."

Wacha nieleze hapo, ndio ieleweke. Marehemu alikuwa na nyumba mbili. Bibi wa kwanza anaitwa Kalondu, yuko Kalamba, kwa shamba ya baba yao. Ukoo walikuwa wanasema Kiema azikwe Kalamba. Mama Sandra alikuwa anasema Kiema alitaka hapa Matiliku, kwa hiyo boma walijenga pamoja. Huku kwetu, pahali mtu amezikwa ndio watu wanasema ilikuwa nyumbani kwake. Akizikwa Kalamba, hii boma ya Matiliku inaonekana ilikuwa ya kupita, na mama mwenyewe anaonekana alikuwa wa kupita. Kesho wanakuja kumuuliza anafanya nini kwa shamba ya ndugu yao. Hiyo kila mtu sokoni anajua.

Nilitoa diski ya ndani ya laptop nikaiunganisha na kompyuta yangu. Diski ilikuwa mzima. Ni Windows tu ndio ilikuwa imeharibika. Video nikaipata. Ilikuwa kubwa sana, zaidi ya saa moja. Mzee hata akiwa hai hakuwa mtu wa maneno kidogo.

Mimi sifuti kompyuta ya mtu kabla nifanye backup. Nakopi vitu zake kwa kompyuta yangu kwanza, halafu nafungua moja moja kidogo tu nione kama inafunguka. Hiyo video niliifungua. Marehemu alikuwa amekaa kwa kiti ya plastiki, amevaa koti ya kanisa, nyuma yake kuna kalenda ya duka ya mbolea. Alisema, "Mimi Kiema, niko na akili yangu timamu, na nataka watu wasikie kutoka kwa mdomo yangu." Halafu akakohoa. Hapo nikafunga. Mama Sandra alikuwa amesimama karibu yangu na alikuwa ameanza kulia, na tena maneno ya familia ya mtu si yangu. Hapo officer amenirudisha mara nyingi. Jibu ni ile ile. Nilifunga akiwa anakohoa.

Nikarudisha diski kwa laptop, nikaiformat, nikaweka Windows mpya. Kuformat ni kufagia nyumba yote hata na misumari. Ilipomaliza nikamjazia nyimbo za injili na sinema za Nigeria mpaka laptop ikakaribia kujaa. Hiyo ni zawadi ya kibanda yangu, kila mtu akiwekewa Windows anapata. Nilifikiria watu wa matanga watapata kitu ya kusikiza. Nilikuwa naona nimefanya utu.

Nikamuuliza kama nirudishe video kwa laptop. Akasema, "Hiyo siiamini tena. Niwekee kwa flash nitembee nayo." Nikatoa flash mpya. Ikakataa hiyo video kwa sababu ya ukubwa, kwa hivyo nikaiformat ile namna inabeba faili kubwa. Ikifanywa hivyo, kompyuta inaisoma sawa, lakini TV zingine zinakataa. Hiyo nilijua. Lakini Mama Sandra hakusema maneno ya TV, na mimi TV haikunijia kwa akili.

Baadaye nikafuta ile ya kwa kompyuta yangu, Mama Sandra akiwa anaangalia. Hiyo ni sheria yangu. Kuna mwaka picha za mtu zilitoka kwa kibanda ya mwenzangu zikaonekana mpaka Nunguni, watu wakataka kuchoma kibanda yake na yangu pia kwa sababu tumepakana. Tangu hapo nafuta vitu mbele ya mwenyewe, namwaga mpaka pipa ya takataka, aone kwa macho yake. Mama Sandra akaniambia, "Asante, wewe ni mtu mzuri." Akaweka flash ndani ya Biblia yake, akafunga zipu.

Officer ameniambia backup ni kuwa na kitu mara mbili, pahali mbili. Mimi nilikuwa nafikiria backup ni kuhamisha. Sasa nimejua.

Mnamo tarehe 11 mwezi huo, siku ya Jumapili, saa kumi jioni, kulikuwa na maombi kwa boma ya marehemu hapa Matiliku. Mimi nilienda kama jirani, na niliombwa nibebe spika. Ukoo walitoka Kalamba na gari mbili. Kiongozi wao alikuwa Mzee Mutie, ndugu mkubwa wa marehemu. Kalondu pia alikuja, akakaa na wamama. Kusema ukweli, yeye na Mama Sandra walisalimiana vizuri. Alimwambia, "Pole mwenzangu," na wakashikana.

Mama Sandra akatangaza ako na sauti ya marehemu mwenyewe. Akaleta ile laptop na flash. Hapo hakukuwa na shida yoyote, laptop ingeisoma. Lakini Mzee Mutie akasema, "Haiwezekani. Tumetoka Kalamba watu thelathini, tuchungulie ndugu yangu kwa kitu kama sinia? Hapo si mtasema kuna wazee hawakuona? Wekeni kwa TV kila mtu aone kwa macho yake."

Wazee wakasema ni sawa. Pasta akasema ni sawa. Mama Sandra mwenyewe akasema ni sawa, alifurahia hata, kwa sababu TV yao ni kubwa na alitaka asibaki mtu wa kusema hakuona. Hapo mimi sikuwa ndani. Nilikuwa nje nimepanda kwa kiti natafuta pahali ya kufunga waya ya spika.

Nikasikia kelele kwa nyumba, nikashuka, nikaenda mpaka kwa mlango. Sebule ilikuwa imejaa, wengine kwa dirisha. Remote alikuwa amepewa Mzee Mutie kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa ukoo. TV ilikuwa imeandika maneno ya Kizungu kwa kisanduku katikati. Mzee Mutie akasema, "Imeandika nini hapa? Mimi sikukuja na miwani." Hapo kila mtu akageuka fundi. Mmoja anasema, "Toa uingize tena!" Mwingine anasema, "Ipige kwa upande!" Kalondu akasema, "Mutie, hata jana ulikuwa na haraka. Si tungeangalia tu kwa hiyo ndogo, tupokezane?"

Mama Sandra alikuwa amechutama karibu na TV, anashika flash isianguke. Akaangalia juu akasema, "Bonyeza OK, shemeji. Inauliza kama tufungue."

Mimi nikasoma. Niliona neno format. TV ilikuwa imekataa flash, inauliza kama iifagie. Kizungu yangu ni ya darasa la sita lakini hiyo neno naijua kuliko jina la bibi yangu. Nikapiga kelele, "Asi! Ngojeni!" Mzee Mutie alikuwa ameshabonyeza. Kakatokea kamstari ka bluu, kakajaa, kakaisha.

Halafu watu wakanyamaza. Walifikiria sasa Kiema anaanza. Mzee mmoja alitoa kofia. Wamama wakafungia watoto mdomo. TV ikarudi kwa stesheni yake, kuna mtu anatangaza sabuni, na watu bado wamenyamaza wakingoja hiyo sabuni iishe. Kwa hiyo nyumba yote ni mimi peke yangu nilikuwa najua. Mama Sandra akageuka akaniona kwa mlango. Akaniuliza, "Kyule, mbona haanzi?"

Nikawaambia hiyo OK imefuta flash yote, na video pia.

Nilipowaambia, Mama Sandra alimshika Mzee Mutie kwa koti. Akasema, "Ulijua! Ulijua!" Mzee Mutie akasema, "Mimi nilijua nini? Si ni wewe umesema OK?" Vijana wa pande zote wakaingilia. Remote ilivunjika, na meza. Sikuona mtu akipigwa na silaha. Kalondu ndiye alimtoa Mama Sandra nje akamkalisha chini. Wakati wa hiyo vurugu hakuna mtu alikumbuka kutoa flash. Nilipoitoa, ilikuwa imekaa hapo kama saa moja, na TV ilikuwa inarekodi matangazo yake ndani yake. Hizo TV zikishapewa flash zinajirekodia zenyewe.

Officer ameniuliza kama Mzee Mutie alifuta kwa kusudi, kwa sababu Mama Sandra ameandikisha hivyo hapa kituoni. Mimi nilikuwa kwa mlango na niliona vizuri. Mzee hakujua anabonyeza nini. Aliambiwa bonyeza, akabonyeza. Na aliyemwambia ni Mama Sandra. Imenichukua muda kusema hiyo. Sikutaka kuisema, lakini ndio ilitokea.

Jumatatu nilifunga kibanda nikajaribu kurudisha. Nilitafuta kwa flash mpaka mchana, nikapata sabuni na mechi ya mpira. Kwa kompyuta yangu nako, vitu za wateja wengine zilikuwa zimeshakaa juu yake. Nikabeba flash na laptop mpaka mjini Wote kwa fundi mwenye mashine nzuri. Yeye alipata jina ya video. Jina imeandikwa vizuri kabisa, "Baba Sandra". Ukifungua ni giza. Tukatafuta kwa laptop, pahali video ilikuwa imekaa mwanzo, tukapata kipande ya mwanamke wa Nigeria akigombana na mama mkwe. Hiyo ni ile zawadi yangu. Ilikuwa imelala juu ya marehemu. Fundi akaniambia, "Rudi tu nyumbani."

Jana Jumanne, kama saa tatu, Mzee Mutie alikuja kwa kibanda na wazee wawili. Hakunitisha, aliongea na heshima. Aliniambia, "Dakitari, wewe uliona hiyo kitu. Si ndugu yangu alisema Kalamba?" Nikamwambia sikufika hapo. Akasema, "Mtu akianza na akili timamu, anamalizia wapi kama si kwao?" Nikamwambia mzee, mimi nilifunga akiwa anakohoa. Wakaangaliana, wakaenda.

Leo asubuhi kabla nifungue, Mama Sandra alikuwa amekaa kwa mlango ya kibanda. Kuna wakili amemwambia bila video au mtu mwingine aliyesikia, hakuna mahali atasimamisha mazishi. Kalamba wameshaanza kuchimba. Mazishi ni Jumamosi. Aliniambia, "Kyule, wewe si mtu wa ukoo, wewe si mtu wa kwetu. Watakuamini. Sema tu Matiliku. Ni neno moja."

Nikaanza kufungua kufuli. Akasema, "Wewe unafikiria mimi nadanganya?"

Nikamwambia hapana. Na hata hapa nasema hapana. Mimi naamini Kiema alisema Matiliku. Nilimwona huyo mama akilia kabla hata mzee amalize kukohoa. Mtu hawezi kulia hivyo kwa kitu ya kutunga. Lakini kuamini na kusikia si kitu moja, na officer ameniuliza nilisikia nini. Mimi ni mtu wa kuongea sana. Sokoni naweza kukuuzia chaja mpaka useme asante. Nimejaribu tangu asubuhi kujiwekea hiyo neno kwa mdomo, hata njiani nimekuwa nikiisema pole pole. Ikifika kwa mzee kwa kiti ya plastiki, na koti yake, inakataa kuingia kwa mdomo wake. Marehemu hawezi kuniambia, "Kyule, hiyo sikusema." Au, "Kyule, kwa nini hukusema?"

Sina kitu ingine. Nimesomewa nikasikia, ni maneno yangu, hakuna mtu amenilazimisha wala kunipa kitu.

Naomba kuongeza moja tu. Mama Sandra amekaa kwa benchi hapo nje. Ni yeye alinileta na pikipiki, na amembakisha mwenye pikipiki anirudishe. Hajui nimesema nini. Kama kuna mlango ya nyuma, naomba nipitie huko.

Sahihi ya shahidi: K. Ndeti

Imeandikwa na mimi, Koplo Githaiga, kwa Kiswahili, shahidi akiongea mwenyewe. Nimemsomea, amekubali, ameweka sahihi mbele yangu saa saba kasoro. Nilimuuliza kwa mara ya mwisho kama anakumbuka maneno mengine ya marehemu. Amejibu hakuna. Kuhusu ombi lake, kituo kina mlango mmoja.