Briji Uliyoipima kwa Kidole Chako

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua safari hii sitaitikiwa, maana mwaka unakaribia kwisha tangu tukuzike hapa Chole. Mama ananikanya kila siku kwamba marehemu hasemwi, huombewa. Nakuombea, wala sijaacha hata siku moja. Lakini nikimaliza dua hasira iko palepale, na mwenye kuipokea ni wewe, si mwingine. Kwa hiyo sikusengenyi, nasema na wewe uso kwa uso kama tulivyozoea, na mwenye kutaka kusikiliza asikilize.

Siku ya hitima ya arobaini, mkeo aliniletea gitaa lako la besi limefungwa kwenye kanga yake. Akaniambia, "Alisema hili lako." Nikalipokea, nikashukuru, kisha nikalisukuma uvunguni mwa kitanda. Sikutaka kuliona. Unajua kwa nini.

Ulinifundisha mwenyewe, bandani kwako, katikati ya mbao za mashua. Nilikuwa natoka kwenye mwani, miguu imekauka chumvi, nakaa juu ya gogo, wewe unaranda ubao huku sikio liko kwangu. Nikikosea, randa inasimama. Hukuwa na haja ya kunena. Watu walipokuambia besi si kazi ya mwanamke, uliwajibu, "Nani kaiambia besi?" Nilitembea na maneno yale wiki nzima, najiona mtu.

Halafu ikaja harusi ile ya kijijini Kanga, bendi yetu imealikwa kupiga. Nilikuwa nimevaa dera jipya la kijani. Wimbo wa tatu, nimeshuka na mkono huku chini karibu na tumbo la gitaa, palipo na sauti tamu, na ule uzi mwembamba ukachupa nje ya shingo. Besi ikanyamaza. Nikaurudisha, ukachupa tena. Mwimbaji akapotea, kinamama waliokuwa wanatunza wakasimama na noti zao mkononi wananitazama. Wewe ukaja, ukanivua mkanda shingoni mbele ya umati ule, ukasema, na maikrofoni ilikuwa karibu, "Vidole vyako vyembamba, mwanangu. Hivyo vya kufungia mwani. Nenda kaitikie."

Watu wakacheka. Ukampa gitaa Haji, mwanao, na mimi nikaenda kusimama nyuma na waitikiaji. Miaka saba, mjomba. Miaka saba napiga makofi na kuitikia, na kila nikikaa kufunga mbegu za mwani kwenye kamba naviangalia vidole hivi kana kwamba vimeniibia kitu.

Mwezi uliopita bendi ikanijia. Mwanaidi, binti yako wa mwisho, anaolewa, na harusi ni Kanga hukohuko. Haji yuko Mtwara kikazi, hapati ruhusa. Bi Zuhura, ndiye kiongozi sasa, alikaa barazani kwangu akakataa hata chai. "Gitaa unalo, kazi unaijua, unangoja uletewe barua?" Nikasema vidole vyangu vyembamba. Akasema, "Basi utapiga besi nyembamba. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na usichelewe."

Nikalitoa uvunguni. Ile briji, kile kipande cha chini kinachoshika nyuzi, imepasuka katikati. Si ile iliyokuja na gitaa. Ile ililiwa na chumvi nami bado mdogo, ukatengeneza yako kwa bamba la shaba lililobaki kwenye mashua. Nakumbuka ulivyojisifu nayo. Nikampigia simu muuza vyombo vya muziki Kariakoo, kijana mwenye adabu, nikamwambia nataka briji ya nyuzi nne.

"Kutoka uzi mpaka uzi ni milimita ngapi, dada?"

Nikachukua rula kwenye mkebe wa hesabu wa binti yangu, nikapima. "Ishirini na mbili."

"Pima tena," akasema.

Nikapima tena. Ishirini na mbili. Akaniambia hajawahi kuuza besi ya namna hiyo tangu aanze kazi, na akaniuliza kama uzi wa pembeni huwa unatoka nje ya shingo ukipiga huku chini. Mjomba, nikamwambia ndiyo. Akaniagiza nivute vikamba viwili, kimoja kila ukingo wa shingo, nivinyooshe mpaka kwenye briji nione vinaangukia wapi. Nikavuta vikamba vya kufungia mwani. Vyote viwili vikaangukia ndani ya nyuzi zako. Yaani briji ilikuwa pana kuliko shingo. "Hapo hata mimi ningeshindwa," kijana akasema. "Nani aliitengeneza?"

Fundi wa mashua, nikamwambia. Na papo hapo nikakumbuka ulivyopima. Hukuwa na rula maishani mwako. Kila kitu kwako kilikuwa dhiraa, shibiri na wanda, upana wa kidole. Wanda mmoja kati ya ubao na msumari, wanda mmoja kati ya uzi na uzi. Mashua zako hazikuvuja, haki yako nakupa. Lakini kidole chako kilikuwa kinene kama muhogo, na ukakipa gitaa lililotoka kiwandani, kisha ukanisimamisha Kanga ukaniambia mwenye kasoro ni mimi.

Na Haji wako hodari? Sasa naelewa kwa nini alikuwa hashuki na mkono hata kwa dawa. Alipiga huku juu tu, karibu na kichwa cha gitaa, ambako uzi hauna pa kuchupia. Miaka yote hiyo watu wanamsifu kwamba ametulia.

Kijana akanipa machaguo mawili, briji ya milimita kumi na tisa na ya kumi na saba. Akanishauri nichukue kumi na tisa, ndiyo ya kila mtu, itakaa sawa na shingo. Ya kumi na saba, alisema, huwa wanachukua wenye vidole vyembamba. Nikamwambia anisubiri kwanza, nifungue ya zamani nione matundu yalivyo.

Nilifungua skrubu nne kwa bisibisi ya cherehani. Shaba ilikuwa imeng'ang'ania rangi, nikaibandua kwa ncha ya kisu. Na chini yake, mjomba, kwenye ubao uliokuwa haujaona jua, nikakuta ngeu. Alama zako nyekundu, zile unazopiga kwenye mbao kabla ya kukata. Vistari vinne, vimepangwa karibu karibu, na kando yake matundu mapya umeyawekea nukta bila kuyatoboa. Nikaweka rula. Kumi na saba. Nikaweka kidole changu kati ya mstari na mstari, kikaingia kikatulia.

Ndipo nikakumbuka. Ramadhani iliyofuata baada ya Kanga nilikuletea uji bandani, ukaniambia, "Hebu weka kidole hapa," ukakizungushia penseli juu ya kipande cha ubao. Nikakuuliza kama unanipimia pete. "Pete mwambie mumeo," ukasema, ukageuka na kuendelea na randa yako. Nikacheka mpaka nyumbani.

Ulijua. Ulifungua, ukaona, ukapima, ukapiga ngeu. Kisha ukarudisha shaba yako juu ya alama zako, ukakaza skrubu zote nne, na mimi ukaniacha kwenye makofi. Ningevumilia kama ungekuwa hukujua. Mtu hukosea, gitaa hukujifunza kulitengeneza popote. Lakini ulijua ukanyamaza mpaka unakufa, kwa sababu ulinivunjia heshima mbele ya watu na kunirudishia kungetaka mbele ya watu vilevile. Ulichagua mimi nibaki na kasoro na wewe ubaki fundi. Hilo linaniuma, na sitasema haliniumi kwa sababu umekufa.

Nilichukua ya kumi na saba. Kijana akanionya mara mbili, nikamwambia aliyeipima hakuwa na shaka. Ikaja na boti ya Nyamisati, nikatoboa matundu kwenye nukta zako, kwa keke yako, nikaifunga mwenyewe.

Kanga nilivaa dera lilelile la kijani, limebana kidogo. Shaba iliyopasuka nilikuwa nayo mkobani. Nilikusudia kuinyanyua kwenye maikrofoni niwaonyeshe wote waliocheka. Lakini Mwanaidi alikuwa ameketi pale analia, anasema baba angekuwepo, basi nikaiacha ilipo. Nikapiga. Nilishuka na mkono mpaka chini kabisa, wimbo baada ya wimbo, na uzi haukuchupa hata mara moja. Bi Zuhura aligeuka akanitazama, akaendelea kuimba. Mzee mmoja akaniuliza baadaye nani alinitengenezea gitaa likakaa vizuri hivi. Nikamwambia ni mjomba wangu. Sikusema uongo, na bado nilitaka kulia kwa hasira.

Ndiyo maana nimeandika hapa hadharani, ili waliocheka wajue vidole vyangu havikuwa na kosa. Wewe nitaendelea kukuombea. Kukusamehe nimeanza, sijamaliza.

Toka bandani kwako mpaka mlangoni kwangu ni hatua thelathini, nimezihesabu jana nikirudisha keke. Ungeniita tu, mjomba. Ningekuja mbio.

Mpwa wako,
yule wa vidole vyembamba