Moto wa Kupikia Mawe

Jumatatu, 24 Novemba 1997. Lodwar

Shule imefungwa. Nilidhani nitalala mwezi mzima hapa nyumbani Nawoitorong, nile samaki, nisione chaki. Sijamaliza chai, Opondo huyo mlangoni, matope hadi magotini. Opondo ni mhandisi wa maji na vyoo katika shirika moja kule kambini Kakuma. Mtu mzima, tai shingoni, kazi yake mavi.

Anasema mvua imekata barabara ya Kitale. Malori ya chokaa yamekwama ng'ambo ya mto. Vyoo vya kambi vimejaa maji mpaka vinatapika, watu wanaharisha, watoto hasa. Bila chokaa ya kumwaga mle ndani, nzi watamaliza kazi.

Akatoa jiwe jeupe mfukoni. Mwalimu Nakal, wewe si ni wa kemia, hili laweza kuwa chokaa? Nikalikamulia ndimu. Likatoa povu. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye digrii: ni kulichoma tu.

Ni kulichoma tu. Mdomo huu.

Jumanne, 25 Novemba. Kakuma

Nimepewa hema karibu na jenereta. Asante, Opondo.

Nimekutana na Mading, mwalimu wa kemia katika sekondari ya kambi. Mdinka, alikuwa mwaka wa tatu chuoni Khartoum kabla mambo hayajaharibika. Mrefu hadi inambidi ainame kuingia darasani kwake mwenyewe. Mkewe, Aluong, yuko kwenye hema la wanaoharisha tangu Jumapili. Aliniambia hivyo kama anayetaja bei ya sukari, kisha papo hapo akauliza: "Hii moto yako, inataka joto ngapi?"

Nikasema nitapiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya entropia na nishati huru. Chuoni niliikariri kama sala ya Kilatini, nikaitema kwenye mtihani, tukaachana kwa amani. Sasa imenifuata Turkana.

Jumatano, 26 Novemba

Niandike polepole, labda nitaelewa.

Jiwe la chokaa likipashwa moto linavunjika: chokaa inabaki, hewa ya kaboni inatoka. Kulivunja kunakula joto, kilojuli 178 kwa kila moli. Hapo jiwe linagoma. Lakini hewa ikitoka inatawanyika ovyo, na kutawanyika huko ndiko entropia: inaongezeka juli 160 kwa kila digrii ya kelvini. Hapo jiwe linashawishika. Nishati huru ni joto linaloliwa, kutoa halijoto mara entropia. Jibu likiwa chanya, jiwe halikusikii. Likiwa hasi, limekubali. Kwa hiyo tafuta halijoto ambapo jibu ni sifuri. Gawanya tu.

Nikagawanya. 178 kwa 160. Moja nukta moja. Nikampelekea Mading nikiwa nimejaa fahari.

Akaitazama muda mrefu. "Mwalimu, kelvini moja ni baridi kuliko huko nyuma ya nyota. Kwa jibu lako hii mawe yote ya dunia imekwisha kabla Adamu hajazaliwa."

Juli na kilojuli. Kosa ambalo nawachapia wanafunzi wa kidato cha tatu. 178,000 ndiyo inagawanywa kwa 160: kelvini 1,112. Toa 273. Digrii 839.

Mading hakucheka sana. Alicheka kiasi, akaenda kumpelekea mkewe uji.

Opondo kasikia tunataja nishati huru, akafurahi. Kwa hiyo hatulipii kuni? Nikamwambia huru si bure. Akaandika.

Ijumaa, 28 Novemba

Aibu.

Tulichimba shimo, tukapanga mawe na kuni, tukafunika kwa bati na udongo ili joto lisipotee. Wazo langu. Katikati nikaweka kipande cha mfuniko wa sufuria: alumini inayeyuka kwenye digrii 660, kwa hiyo ikiyeyuka tutajua tumefika wapi. Moto umewaka tangu alfajiri.

Alasiri tukafukua. Umati umejaa, nusu ya kambi na Waturkana kadhaa wa mjini. Alumini imekuwa kama kamasi. Vizuri. Opondo akalegeza tai, akaweka jiwe kwenye beseni, akamwaga maji. Chokaa halisi ingechemka na kufuka mvuke.

Jiwe lilikaa ndani ya maji kama kiboko aliyeshiba. Mama mmoja akauliza kama tunaongeza chumvi.

Nimenawa masizi mara tatu. Hayatoki.

Jumamosi, 29 Novemba

Wamemzika mtoto wa Abang, jirani yake Mading. Hata kutembea alikuwa hajaanza. Mading alichimba na wenzake. Kaburi lilikuwa linaingia maji, wakawa wanayachota kwa kopo.



Jumapili, 30 Novemba

Sikwenda kanisani. Padri anisamehe, nilikuwa na dhambi kubwa zaidi ya kufikiria: lile bati.

Nilifunika shimo ili nishike joto. Nikashika na hewa ya kaboni. Jiwe linataka kutoa hewa, na mahali penyewe pamejaa hewa hiyo hiyo. Itatokaje? Ni kama kusukuma watu watoke kanisani na huko nje umati unasukuma kuingia.

Na hesabu ipo! Digrii 839 ni pale hewa ya kaboni imejaa kabisa juu ya jiwe. Ikiwa imebaki sehemu moja tu ya kumi, inapata nafasi kubwa zaidi ya kutawanyika, kwa hiyo entropia inapanda. Unaongeza 8.3 mara logi asilia ya kumi, yaani juli kama 19. 160 inakuwa 179. Nikagawanya, safari hii 178,000 kwa 179, nikakagua sifuri kama mama anayekagua watoto baada ya safari. Kelvini 994. Digrii 721.

Hatuhitaji kufika 839. Tunahitaji bomba la moshi.

Nilikimbia hadi hema la wagonjwa. Mading alikuwa ameketi chini kando ya Aluong, anampepea kwa kitabu. Nikamwonyesha. Akapiga hesabu upya kwa kidole kwenye mchanga, akafika 721. Aluong alifungua macho, akauliza kwa Kiarabu cha Juba huyu mwanamke mweusi kama sufuria ni nani.

Masizi bado.

Jumanne, 2 Desemba

Tanuri limesimama. Matofali ya udongo, mdomo chini upande upepo unakotoka, bomba juu la mapipa ya mafuta yaliyotobolewa juu na chini. Mawe tumeyavunja yakawa kama ngumi ya mtoto. Opondo mwenyewe alishika nyundo. Kidole chake kimevimba, na tai ameivua. Nampenda zaidi hivyo.

Kuni zimeletwa na wakimbizi na Waturkana, shirika linabadilisha kwa mahindi. Sikuuliza zinatoka wapi. Zilikuja nyingi, haraka.

Alhamisi, 4 Desemba

Tulichoma jana kutwa. Ndani rangi ilipanda kutoka nyekundu ya damu hadi karibu na chungwa, bomba likivuma kama ng'ombe. Leo limepoa, tumefungua.

Mawe yalikuwa mepesi mkononi, hewa imetoka. Nilijua hapo hapo, lakini sikusema, nimejifunza. Beseni. Maji. Kimya. Mading akasema ngoja. Tukangoja. Kisha jiwe likapasuka, likaanza kuchemka lenyewe bila moto, mvuke juu, watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Yule mama wa chumvi akaja akanishika mkono, akautikisa tu.

Jioni vyoo vya upande wa chini vimemwagiwa. Opondo ananusa choo huku anatabasamu. Hiyo picha sitaisahau, na nimejaribu.

Ijumaa, 5 Desemba

Aluong ametoka hemani. Amekonda, anatembea kwa kushika ukuta, anagombana na kila mtu. Si chokaa iliyomponya, ni maji ya chumvi na sukari, na ukaidi. Mading anatembea nyuma yake mikono wazi kama kipa.

Opondo anataka tanuri liwake kila siku mpaka barabara ifunguke. Vyoo ni vingi. Nikakubali. Kuni zimerundikwa kupita kimo changu. Nilipita karibu, nikaona tawi lina majani mabichi. Mgunga. Nikaendelea kutembea.

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika kando ya tanuri. Tumewasha asubuhi, limejaa mawe hadi juu. Liko kwenye nyekundu inayokaribia chungwa. Likae hapo mpaka jioni, vinginevyo mawe yanabaki mabichi ndani na kuni zote zimepotea bure.

Mjomba Ethuro amefika kutoka Lopur. Ametembea. Wako naye wanaume wengine, wamesimama mbali kidogo. Yeye amekuja moja kwa moja, akaweka kigoda chake kati ya mdomo wa tanuri na rundo la kuni, akaketi. Wanaolisha tanuri kuni wameacha kazi.

Tukasalimiana. Ejok, mjomba. Ejok, mwanangu. Akaniuliza habari za mama. Nikamjibu. Akauliza kama huu ndio ule moto wangu, anausikia huko Lopur. Nikasema ndio huu.

Akasema migunga ya kando ya korongo imekatwa, ile ambayo mbuzi huokota maganda yake wakati wa ukame. Iliyokatwa wiki hii ni mingi kuliko ya mwaka mzima. Waliokata wengine ni wakimbizi, wengine vijana wa kijiji chake mwenyewe. Hakupandisha sauti. Hakutaja mahindi.

Opondo amekuja mbio, akamweleza habari za wagonjwa kwa Kiswahili cha ofisini. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mimi, kwa Kiturkana, kwamba amewaona watoto wakizikwa, hajaja kubishana na hilo. Anataka nimweleze kitu kimoja. Jiwe moja linakulaje miti yote hiyo, na mimi nilijua tangu mwanzo linakula kiasi gani?

Nilijua. Kilojuli 178 kwa kila moli. Sijawahi kuigeuza kuwa miti.

Mading ameketi chini na mimi pia, mbele ya kigoda. Ametafuta kijiti, ananipa. Opondo amesimama nyuma yetu, anatazama mdomo wa tanuri, na mimi siutazami, lakini naona mwanga wake kwenye mguu wa mjomba unageuka, chungwa imekwisha, sasa ni nyekundu tupu. Nimechora jiwe mchangani. Mjomba anasema endelea, nachora mti wa kwanza.